Faili bachi halifungui programu ya zamani kwenye DOSBox: soma dalili, fuata chanzo

Kabla ya kugusa mstari wowote wa faili bachi (faili la .bat lenye orodha ya amri) lililogoma, jiulize swali moja: mstari huu unasomwa na nani?

Unapofungua programu ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, kwa kutumia DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya wakati ule, kuna wasomaji wawili. Wa kwanza ni mwenyeji, yaani Windows, Linux au macOS, ambaye kazi yake ni kuiwasha DOSBox tu. Wa pili ni mgeni, yaani DOSBox yenyewe, ambayo ina kisomaji chake cha amri, kidogo na cha kizamani, kinachoiga kile cha DOS. Mwenyeji akiwa Windows, wote wawili husoma mafaili yanayoishia na .bat, na wote wanazijua `cd`, `echo`, `if`, `set` na `pause`. Ndiyo maana ni rahisi kupotea: amri iliyo halali kwa mmoja haina maana kwa mwingine, na njia ya folda iliyo sahihi kwa mmoja haipo kabisa machoni pa mwenzake. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyo hapa chini inatokana na mstari wa mmoja kupewa mwingine.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: programu inayoitwa HESABU.EXE, iliyo ndani ya `D:\Zamani\HESABU`, kwenye Windows, na DOSBox toleo la 0.74-3. Faili la nje, la mwenyeji, linaitwa fungua.bat:

```
@echo off
cd /d "%~dp0"
"C:\Program Files (x86)\DOSBox-0.74-3\DOSBox.exe" -conf hesabu.conf
```

Kando yake kuna hesabu.conf, faili la mipangilio ya DOSBox, na humo ndimo zinamoandikwa amri za mgeni:

```
[autoexec]
mount c "D:\Zamani"
c:
cd \hesabu
hesabu
exit
```

Mpangilio huu si wa lazima, lakini naupendekeza kwa moyo wote kwa sababu unatenganisha wasomaji. Kila lililo katika fungua.bat ni la Windows. Kila lililo chini ya `[autoexec]` ni la DOSBox. Kosa likitokea, unajua pa kuanzia.

## Kwanza lifanye faili liseme

Usikisie chanzo wakati faili limenyamazishwa. Ondoa `@echo off` pande zote mbili ili uone kila amri inavyosomwa. Ondoa `exit` mwishoni mwa `[autoexec]`. Weka `pause` kama mstari wa mwisho wa fungua.bat. Kama umetumia `-noconsole`, iondoe pia, kwa kuwa inaficha dirisha la pili ambalo DOSBox huandikia taarifa zake. Ukiiacha, taarifa hizo huenda kwenye mafaili ya stdout.txt na stderr.txt.

Kisha soma kosa la *kwanza*. Mstari mmoja wa `mount`, amri inayoipandisha folda ya mwenyeji iwe diski ya mgeni, ukishindwa, mistari mitatu inayofuata nayo italalamika, na malalamiko hayo ya baadaye ndiyo yanayobaki chini ya skrini. Usihangaike nayo.

## Dirisha linatokea na kutoweka papo hapo

Angalia ni dirisha lipi. Likiwa ni la Windows na DOSBox haikuonekana kabisa, tatizo ni la mwenyeji. Ujumbe unaopatikana sana baada ya kuweka `pause` ni huu:

```
'C:\Program' is not recognized as an internal or external command,
operable program or batch file.
```

Windows imekata njia kwenye nafasi ya kwanza, kati ya Program na Files. Zungushia njia nzima alama za kunukuu.

Kuna ndugu yake asiyetoa ujumbe wowote. Ukiandika `start "C:\Program Files (x86)\DOSBox-0.74-3\DOSBox.exe"`, litafunguka dirisha tupu la amri na hakuna kingine kitakachotokea. Amri ya `start` huchukua maneno ya kwanza yaliyo ndani ya alama za kunukuu kuwa kichwa cha dirisha. Ipe kichwa kitupu kwanza:

```
start "" "C:\Program Files (x86)\DOSBox-0.74-3\DOSBox.exe" -conf hesabu.conf
```

Likiwa ni dirisha la DOSBox ndilo linalotokea na kufungwa, basi mgeni ameanza kazi, amekwama, kisha akafika kwenye `exit` na kutii. Ulipoiondoa `exit` ulishafungua njia ya kuona sababu.

Kama badala ya dirisha unapata onyo la Windows lenye maneno "Unsupported 16-Bit Application", au linalosema programu hailingani na toleo la Windows ulilonalo, maana yake DOSBox haikuhusishwa hata kidogo. Faili lako linamwambia mwenyeji afungue HESABU.EXE moja kwa moja, na Windows za biti 64 haziwezi kuendesha programu za biti 16. Uwezo huo ulikuwa kwenye Windows za biti 32 pekee, na Windows 11 haina toleo la biti 32.

## "Drive C does not exist!"

Huu ni ujumbe wa mgeni, na mara nyingi si kosa la kwanza. Panda juu kidogo utaona `Directory ... doesn't exist.` Yaani `mount` haikuipata folda, kwa hiyo diski C haikuzaliwa.

Kumbuka kwamba ingawa `mount` ni amri ya DOSBox, njia unayoipa ni ya mwenyeji. Hii ni sehemu moja ambapo wasomaji wawili wanakutana kwenye mstari mmoja: `c` ni herufi atakayoiona mgeni, `D:\Zamani` ni mahali anapopajua Windows. Baada ya hapo `D:\Zamani` haina maana tena kwa mgeni. Ukiandika `cd D:\Zamani\HESABU` ndani ya `[autoexec]` utakataliwa, kwa kuwa kwake yeye folda hiyo ni `C:\HESABU`.

Kama njia ina nafasi, izungushie alama za kunukuu. Ndani ya faili la mipangilio hilo ni jepesi. Linakuwa gumu pale unapopitisha kila kitu kwenye mstari mmoja wa Windows kwa kutumia `-c`:

```
DOSBox.exe -c "mount c D:\Zamani" -c "c:" -c "cd hesabu" -c "hesabu" -c "exit"
```

Mstari huu ni sahihi mpaka siku folda itakapoitwa `D:\Vitu vya Zamani`. Hapo unahitaji alama za kunukuu ndani ya alama za kunukuu, na zile za ndani zitanguliwe na mkwaju wa nyuma (`\`): `-c "mount c \"D:\Vitu vya Zamani\""`. Inafanya kazi, lakini atakayeisoma baada ya mwaka mmoja atateseka. Ikifika hatua hiyo, hamishia amri kwenye faili la mipangilio.

Njia fupi, kama `mount c .`, nayo ina mtego wake. Nukta ina maana ya "folda niliyopo sasa", na folda hiyo inategemea jinsi faili lilivyofunguliwa. Ukibofya mara mbili, unakuwa kwenye folda ya faili bachi. Ukilifungua kama msimamizi wa kompyuta, Windows hukupeleka `C:\Windows\System32`, na DOSBox itapandisha folda hiyo kuwa diski C bila kulalamika. Dalili yake ni kwamba `mount` inafaulu lakini programu haipatikani. Mstari `cd /d "%~dp0"` uliopo kwenye mfano wangu upo kwa ajili hiyo tu: unairudisha Windows kwenye folda ya faili bachi, vyovyote vile lilivyofunguliwa.

Kuhusu `%~dp0` yenyewe kuna mambo mawili. La kwanza, inaeleweka kwa mwenyeji pekee. Ukiiandika ndani ya `[autoexec]` au ndani ya faili bachi linaloendeshwa na DOSBox, itabaki takataka. La pili, huishia na mkwaju wa nyuma. Ukiandika `DOSBox.exe "%~dp0"`, programu inapokea mkwaju uliogusana na alama ya kunukuu ya kufunga, na alama hiyo inahesabiwa kuwa herufi ya kawaida badala ya kufunga. Ongeza nukta, `"%~dp0."`, na tatizo linaisha, kwa kuwa nukta haibadilishi folda.

## "Drive C already mounted"

Diski imepandishwa mara mbili. Sababu kuu ni mbili: una `mount` kwenye faili kuu la mipangilio na nyingine kwenye faili lako, na umeyaita yote mawili, au umeitaja programu moja kwa moja kwenye mstari wa Windows huku ukiwa na `mount` yako. DOSBox ikipewa jina la programu, kwa mfano `DOSBox.exe "D:\Zamani\HESABU\HESABU.EXE" -exit`, huipandisha yenyewe folda ya programu hiyo kuwa C, huifungua programu, na kufunga kila kitu programu inapomalizika.

Njia hiyo fupi ni nzuri kwa programu zisizojali zilipo. Lakini humo ndani HESABU.EXE itakuwa kwenye mzizi wa diski, `C:\`, na si `C:\HESABU`. Programu iliyohifadhi njia yake ya zamani kwenye mipangilio yake itafunguka halafu ilalamike kwamba haioni mafaili yake. Ikiwa hivyo, rudi kwenye `[autoexec]` na upandishe folda ya juu yake.

## "Illegal command"

DOSBox 0.74 husema hivi inapokutana na jina isilolijua. Linganisha kinachofuata baada ya maneno hayo na hali zifuatazo.

Ikiwa ni jina la programu yako, huenda uko mahali pasipo. Andika `dir` uone uko wapi. Kama bado uko `Z:\>`, umesahau mstari wa `c:`. Kupandisha diski hakukupeleki huko. Na `cd` pekee haibadilishi diski, inabadilisha folda tu.

Ikiwa ni amri ya Windows kama `start`, `timeout` au `for`, umempa mgeni mstari wa mwenyeji. DOSBox 0.74 haina `for`. `set /p`, inayosubiri mtu aandike jibu, haifanyi kazi humo, na alama ya `|` ya kupitisha matokeo kutoka amri moja kwenda nyingine haifanyi kazi pia. `&&` ni ya Windows. Kitu kigumu namna hiyo kifanye nje, kabla ya kuiwasha DOSBox, kisha mpe mgeni mistari michache iliyonyooka.

Na ikiwa ni alama za ajabu namna hii:

```
Illegal command: ∩╗┐@echo.
```

Hiyo ni dalili nzuri kuliko zote kwa sababu ina chanzo kimoja tu. Kihariri chako kimelihifadhi faili kama UTF-8 (namna ya kisasa ya kuhifadhi herufi) yenye alama ya utambulisho mwanzoni: baiti tatu, EF BB BF, ambazo kwenye jedwali la herufi 437 la DOS huonekana kama ∩╗┐. Kihariri cha kisasa huzificha. DOS inazisoma kama sehemu ya amri ya kwanza. Hifadhi upya kama ANSI, au UTF-8 isiyo na alama hiyo. Notepad ya Windows 10 kuanzia toleo la 1903 huhifadhi bila alama hiyo usipochagua vinginevyo. Za kabla ya hapo, ukichagua UTF-8, huiweka.

Alama hiyo hiyo ikiwa mwanzoni mwa hesabu.conf, na `[autoexec]` ndiyo mstari wa kwanza, hupati ujumbe wowote. DOSBox haiitambui sehemu hiyo, inaruka kila kilichomo, na kukuacha kwenye `Z:\>` kana kwamba hukuandika kitu. Tiba ni ile ile.

Ukiwa hapo, kagua mengine mawili ya vihariri. Alama za kunukuu zilizopinda, zile ambazo programu za kuandikia barua huziweka zenyewe, si alama za kunukuu machoni pa msomaji yeyote kati ya hawa wawili. Na Windows ikiwa imeficha viishio vya majina, faili unaloliona kama fungua.bat linaweza kuwa fungua.bat.txt.

## Folda ipo, lakini "Unable to change to"

DOS inajua majina ya herufi nane, nukta, kisha herufi tatu. Jina refu au lenye nafasi hufupishwa: `Hesabu za Zamani` inakuwa kitu kama `HESABU~1`. Kuna watu wanaopata jina fupi kwa kuandika `dir /x` kwenye Windows na kulinakili. Usifanye hivyo. DOSBox hutengeneza majina mafupi kwa hesabu yake yenyewe, na `~1` ya Windows inaweza kuwa `~2` kwa DOSBox kama kuna folda mbili zinazoanza sawa. Ukiongeza folda nyingine kesho, namba inaweza kuhama tena. Badilisha jina la folda liwe la herufi nane au pungufu. Kila kilicho ndani ya folda uliyopandisha kifuate sheria hiyo. Kilicho juu yake kinaweza kuwa kirefu utakavyo, kwa kuwa kinasomwa na mwenyeji.

## Mistari ya mwanzo inafanya kazi, iliyobaki inarukwa

Faili bachi likiita faili bachi jingine bila `call`, halirudi tena. Ni hivyo tangu DOS, na ni hivyo mpaka leo kwa wasomaji wote wawili. Programu nyingi za zamani hazifunguliwi kwa .EXE bali kwa .BAT ndogo iliyokuja nazo, kwa hiyo mstari unaosema `hesabu` unaweza kuwa unaita HESABU.BAT bila wewe kujua, na `exit` yako haifikiwi kamwe. Andika `call hesabu`.

Kinyume chake ni faili linalozunguka bila kukoma. Umetengeneza `C:\HESABU.BAT` yenye mistari `cd \hesabu` na `hesabu`. Siku `cd` inaposhindwa, kwa kuwa folda imebadilishwa jina, mgeni anabaki kwenye `C:\`, anatafuta hesabu, na analolipata ni faili lile lile. Linajiita, linajiita tena. Majina yakifanana kwenye folda moja, DOS huchukua kwanza .COM, kisha .EXE, kisha .BAT. Faili lako lipe jina tofauti na la programu na hutaliona tatizo hili kamwe.

Upande wa nje kuna la kwake: umeandika mstari wa kunakili data baada ya programu kufungwa, lakini nakala inachukuliwa papo hapo, kabla kazi haijaanza. Umetumia `start` bila `/wait`. Ongeza `/wait`, au iite DOSBox.exe moja kwa moja bila `start`. Ndani ya faili bachi Windows itaisubiri.

## Menyu: kila chaguo linaenda mahali pamoja

```
choice /c:123 /n Chagua:
if errorlevel 1 goto hesabu
if errorlevel 2 goto barua
if errorlevel 3 goto toka
```

Ubonyeze 1, 2 au 3, inafunguka HESABU. Sababu ni kwamba `if errorlevel 1` haiulizi "je, ni 1?" bali "je, ni 1 au zaidi?", na 3 ni zaidi ya 1. Panga kutoka namba kubwa kwenda ndogo: 3, 2, 1.

Zingatia pia nukta pacha kwenye `/c:123`. Ndiyo sarufi ya DOS. `choice` ya Windows huandikwa `/c 123 /m "Chagua"`, na menyu iliyonakiliwa kutoka upande mmoja haifanyi kazi sawasawa kwa mwingine.

## Ukiburuta faili juu ya fungua.bat, programu hailipati

Umeongeza `%1` ili uweze kuburuta waraka na kuufungua. Windows inaijaza `%1` kwa njia yake kamili, tuseme `D:\Zamani\HESABU\MEI.DAT`, nawe unaipeleka hivyo hivyo kwa mgeni asiyeijua D. Mpe jina la faili pekee, kwa `%~nx1`, ukishahakikisha faili liko ndani ya folda iliyopandishwa na jina lake ni fupi:

```
DOSBox.exe -c "mount c D:\Zamani" -c "c:" -c "cd hesabu" -c "hesabu %~nx1"
```

Kwa sababu hiyo hiyo, kigezo ulichokiweka kwa `set` kwenye fungua.bat hakionekani ndani. DOSBox huanza na mazingira yake mapya. Vigezo vya programu viandikwe ndani ya `[autoexec]`.

## Programu inafunguka kisha inalalamika yenyewe

Hapa faili bachi limeshafanya kazi yake ya kufikisha, lakini tiba mara nyingi ni mstari mmoja zaidi ndani yake.

*Haioni mafaili yake.* Umeifungua kwa njia kamili, `c:\hesabu\hesabu`, ukiwa bado kwenye `C:\`. Programu nyingi za wakati ule hutafuta mafaili kwenye folda iliyopo, si mahali zilipo zenyewe. Tumia `cd` kwanza, kisha jina.

*"Packed file is corrupt".* Faili halijaharibika. Limebanwa kwa njia ambayo hushindwa kujifungua likipakiwa chini sana kwenye kumbukumbu, ndani ya kilobaiti 64 za mwanzo, na DOSBox ina nafasi nyingi tupu huko. Andika `loadfix hesabu` badala ya `hesabu`. DOSBox itazijaza kilobaiti 64 hizo kwanza.

*"Runtime error 200".* Hii ni alama ya programu zilizoandikwa kwa Turbo Pascal. Zinapoanza hupima kasi ya prosesa ili zijue jinsi ya kusubiri, na prosesa ikiwa na kasi mno, jibu la mgawanyo halienei kwenye biti 16. Punguza kasi kabla ya kufungua:

```
config -set "cpu cycles=3000"
hesabu
```

Mstari huo huo ndio tiba ya programu inayokwenda mbio kupita kiasi. Tafuta namba inayofaa kwa Ctrl-F11 kupunguza na Ctrl-F12 kuongeza, isome kwenye kichwa cha dirisha, kisha iandike kwenye faili ili usiitafute tena.

*Sauti haipo, au muziki upo lakini milio mingine haipo.* Soma faili bachi la asili lililokuja na programu. Mara nyingi utakuta `SET BLASTER=A220 I5 D1`, iliyoandikwa kwa kadi ya sauti ya kompyuta ya wakati ule. DOSBox huweka yake yenyewe: A220 I7 D1 H5 T6. Mstari wa zamani unaifuta na kumwambia programu asikilize namba 5 (ile inayofuata I, yaani IRQ) wakati kadi iko kwenye 7. Ufute, kisha uendeshe programu ya kuweka sauti na kuchagua Sound Blaster 16, anwani 220, IRQ 7, DMA 1. Ukiwa humo, futa pia mistari ya MOUSE, MSCDEX, SMARTDRV na EMM386. Kazi hizo DOSBox hufanya yenyewe, na CD hupandishwa kwa `imgmount d "D:\Zamani\diski.iso" -t iso`, ambapo njia ni ya mwenyeji, kama ilivyo kwa `mount`.

*"This program cannot be run in DOS mode"* au *"This program requires Microsoft Windows".* Si programu ya DOS. Hakuna mstari wa faili bachi utakaoigeuza.

## Kazi uliyohifadhi haionekani

Kama faili jipya uliloliweka kutoka Windows halionekani ndani ya DOSBox iliyo wazi, bonyeza Ctrl-F4 au andika `rescan`. DOSBox hukumbuka orodha ya folda ilivyokuwa mwanzo.

Kama ni programu inayoshindwa kuhifadhi, angalia umeiweka wapi. Ndani ya Program Files mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika. Iweke kwenye folda yako. Na usifunge kwa Ctrl-F9 wala kwa kubofya alama ya kufunga dirisha wakati programu ya kumbukumbu au hesabu iko wazi: DOSBox inakufa palepale, na data ambayo programu haijaiandika kwenye diski inapotea. Toka kwa menyu ya programu yenyewe, kisha `exit` ifanye kazi yake.

Kama unachohitaji ni kuchapa karatasi, DOSBox 0.74 haiigi printa. Imetengenezwa kwa ajili ya michezo, na watengenezaji wake wanalisema wazi. Kwa programu ya ofisi yenye data za watu, mimi ningehamia DOSBox-X, yenye uwezo wa kuchapa na kisomaji cha amri kipana zaidi. Mistari yote iliyoelezwa hapa inahamia nayo, isipokuwa baadhi ya jumbe za makosa zina maneno tofauti.

## Kwa walio kwenye Linux na macOS

Upande wa mgeni haubadiliki, isipokuwa njia ya mwenyeji unayoipa `mount`. Upande wa mwenyeji, badala ya fungua.bat unaandika skripti ya ganda (shell), na badala ya `%~dp0` unatumia `cd "$(dirname "$0")"`. Mtego mmoja mpya ni herufi kubwa na ndogo: kwenye Linux, `mount c ~/Zamani` na `mount c ~/zamani` ni folda mbili tofauti. Ukishaingia ndani ya C, tofauti hiyo haipo tena.

Kama kibodi yako haitoi nukta pacha au mkwaju wa nyuma ndani ya DOSBox, jambo linalowasumbua wenye kibodi zisizo za Kimarekani, shikilia Alt uandike 58 kwa nukta pacha au 92 kwa mkwaju wa nyuma kwenye namba za pembeni. Mkwaju wa mbele (`/`) nao unakubalika kwenye njia za folda. Ukishayaweka haya ndani ya `[autoexec]`, hutahitaji kuyaandika kwa mkono tena.